Shira ya viungo kwa sikukuu: ya sharubati, ya kaimati na ya visheti

Shira ya kunywa ipikwe siku mbili tatu kabla ya Idi. Mwezi hauna ahadi: huenda ukaandama usiku wa 29, huenda mfungo ukatimia 30, na ukingoja utangazwe ndipo ubandike sufuria, usiku ule utakukuta unakaanga, unapiga pasi kanzu za watoto na unachuja viungo kwa wakati mmoja. Ya kaimati ndiyo ingoje asubuhi ya sikukuu yenyewe. Nitaeleza zote mbili, pamoja na ile ya visheti, ambayo wengi huipika sawasawa na ya kaimati halafu wakashangaa mbona visheti vyao vinanata mikononi mwa wageni.

Kwetu Unguja shira nyingi hupikwa kwa kutia kila kitu mara moja: sukari, maji, iliki, arki, zafarani, haya, moto. Inatoka tamu, sikatai. Lakini utamu si kazi, sukari ni tamu hata ukiilamba mkavu. Kazi ni harufu, na harufu inategemea kila kiungo kimeingia sufuriani wakati gani. Viko vinavyotaka kuchemka, viko vinavyotaka kukaa tu kwenye maji ya moto, na viko ambavyo ukivionesha moto umevitupa.

Kwa lita moja na ushei ninachukua sukari nyeupe kilo 1, mdalasini vipande 2 vya urefu wa kidole, iliki nzima 15, karafuu 6, tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba, ndimu 1, zafarani ya kushika kwa ncha za vidole viwili, na marashi ya kula vijiko 2 vya chakula.

Karafuu 6 zinatosha, usinione mchoyo. Mafuta yake, yale yanayoitwa eugenoli, ndiyo yanayotia ganzi ulimi, ndiyo maana wazee huibana karafuu kwenye jino linalouma. Ukizidisha, mgeni atakunywa sharubati akumbuke kwa daktari wa meno. Chagua yenye kichwa chake, uiminye kwa ukucha uone kama inatoa mafuta. Au itie kwenye glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha mafuta huelea imelala. Mimi zangu zinatoka kwa wakwe zangu Wete. Wapemba watakwambia karafuu ni yao, na kwa wingi wake hawasemi uongo, maana kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikatangulia tangu hapo.

Iliki nunua nzima, ya kijani, iliyofunga mdomo. Nzuri sana hutoka milima ya Usambara, upande wa Amani. Ya unga iache kwa maandazi. Kwenye shira inachafua rangi na kulala chini ya chupa kama mchanga. Mdalasini mwembamba unaovunjika kwa vidole una utamu ndani yake, ule mnene mgumu ni mkali, nao ukiwa ndio uliopo tia kipande kimoja badala ya viwili. Zafarani ijaribu kwenye maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa rangi polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ikimwaga rangi yote papo hapo, uzi ukabaki mweupe, umeuziwa kitu kingine. Bora kukosa zafarani kuliko kuweka rangi ya dukani, na manjano usithubutu. Marashi nayo soma chupa, hakikisha ni ya kula, si ya kunyunyizia wageni.

Sasa jikoni. Vunja mdalasini, osha tangawizi uikate nyembamba bila kuimenya, tia kwenye sufuria na maji mililita 750, yaani vikombe 3 vya robo lita. Funika. Yakichemka punguza moto, yaendelee taratibu dakika 10, kwa kuwa mdalasini ni gamba la mti na hautoi kitu kwa haraka. Wakati huo twanga iliki 8 kwenye kinu kidogo, maganda yapasuke tu, usifike unga. Zitie pamoja na karafuu, dakika 5 nyingine, kisha zima na uiache sufuria imefunikwa kwa nusu saa. Usiwe unafunua kunusanusa: harufu inayojaa jikoni ndiyo ile iliyotakiwa ikae chupani.

Sukari bado. Maji yaliyokwisha kujaa sukari ni mazito, hayavuti harufu ya viungo kama maji matupu, na hilo ndilo kosa la ule upishi wa kutia yote kwa pamoja.

Chuja kwa chujio la chai, halafu mara ya pili kwa kitambaa safi cha melimeli. Weka viungo pembeni, usimwage. Pima maji yako. Yakipungua chini ya nusu lita ongeza, yakizidi yarudishe motoni yapungue. Nusu lita kwa kilo ya sukari ndicho kipimo ninachokishikilia, kwa sababu maji yakiwa na joto la kawaida la nyumbani hubeba sukari kama mara 2 ya uzito wake. Sukari ikipungua, shira ni nyepesi na inachacha upesi. Ikizidi, ile ya ziada hujitenga na kuganda chini.

Rudisha maji sufuriani, mimina sukari, koroga kwa moto mdogo mpaka usisikie chembe chini ya mwiko. Ikishayeyuka yote ikaanza kuchemka, toa mwiko, usiuguse tena. Chembe zilizorukia pembeni mwa sufuria zipanguse kwa brashi iliyolowa, au funika dakika 2 mvuke uzioshe, maana chembe moja ikidondoka kwenye shira nzito huvuta nyingine, na ukija asubuhi unakuta mawe. Kamua nusu ndimu, ichuje, tia kijiko 1 cha chakula. Tindikali ya ndimu huivunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haugandi kwa urahisi. Iache ichemke dakika 4 au 5. Povu likipanda liengue. Sukari ya kahawia hutoa povu jingi zaidi na shira yake ni nyeusi, lakini inafaa.

Zima moto. Zile iliki 7 zilizobaki toa mbegu, ziponde, tia humo, funika robo saa, chuja tena. Iliki ya kwanza imeshatoa uzito wake kwenye maji, hii ya pili ndiyo inayomfikia mtu puani kabla glasi haijagusa mdomo. Zafarani uwe umeshailoweka pembeni kwenye kijiko cha maji ya vuguvugu tangu ulipoanza. Shira ikipoa mpaka unaweza kuishika sufuria kwa mkono mtupu, tia zafarani na maji yake, kisha marashi. Si kabla. Marashi kwenye shira inayochemka ni pesa inayopanda darini.

Hapo shira ya kunywa imekwisha. Kwa glasi ya maji baridi tia vijiko 3 vya chakula, kamua nusu ndimu, barafu, hiyo ndiyo sharubati. Kwa maziwa baridi vijiko 2 vinatosha, na hapo ndipo zafarani inapoonekana thamani yake. Juisi ya ukwaju mimi huitia shira badala ya sukari, chumvi kidogo sana na pilipili manga ya kusaga juu. Nanasi, papai na embe vilivyokatwa vidogo vidogo vimwagie saa moja kabla ya kuandaa, viweke kwenye friji. Kwenye kahawa usitie. Kahawa yetu ni chungu na inataka kashata au halua pembeni. Anayeitia shira anataka chai, mpe chai.

Ya kaimati ni shira ileile iliyopelekwa mbele kidogo. Chota vikombe 2 kabla hujatia zafarani na marashi, weka kando. Asubuhi ya Idi ichemshe bila kufunika mpaka inate. Dondoshea tone kwenye sahani baridi, subiri ipoe, ishike kati ya kidole gumba na cha shahada uviachanishe: ikivuta uzi mmoja mfupi, iko tayari. Mwenye kipimajoto asome nyuzi 106 mpaka 110 za Selsiasi. Usijaribu kwa kidole sufuriani. Shira ya moto inaunguza kuliko maji kwa kuwa haitiririki, inakamata ngozi, na watoto siku hiyo wanazunguka jikoni wakidoea, basi jiko liwe upande wa ukuta. Kaimati zikitoka kwenye mafuta zichuje, zimwage humo zingali za moto, uzigeuze kwa upawa mpaka kila moja ipate koti lake. Shira ikiwa nyepesi zitainywa na kulegea, ikiwa nzito mno itaganda sufuriani kabla hazijaenea.

Visheti vinataka kinyume cha hayo yote. Humo tunataka sukari igande. Pika upya: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, iliki iliyopondwa, na ndimu usiitie hata tone. Chemsha ipite hatua ya uzi, mapovu yawe makubwa na mazito, epua, mimina visheti vilivyokwisha kupoa, ugeuze bila kusimama. Mwanzo vitang'aa na kushikana, utadhani umeharibu. Endelea. Ghafla sukari itabadilika ikawa nyeupe na kavu, na visheti vitaachana vyenyewe. Msaidizi awe karibu, mkono unachoka.

Basbusa, ile keki ya semolina, ina sharti moja tu: kimoja kiwe cha moto na kingine baridi. Mimi humwagia shira ya chupani, baridi, juu ya basbusa iliyotoka sasa hivi kwenye oveni.

Mwezi wa Desemba jirani yangu Mchaga hunitaka nimpikie ya Krismasi, na hiyo huibadilisha. Nusu ya sukari inakuwa sukari guru, tangawizi mara mbili, zafarani na marashi hakuna, na kungumanga huikuna moja kwa moja kwenye sufuria baada ya kuzima moto, robo kijiko cha chai. Sukari guru iyeyushe kwanza peke yake kwenye hayo maji ya viungo na kuichuja, utayaona mwenyewe yanayobaki kwenye kitambaa. Yeye huimwagia keki ikiwa bado ya moto, nyingine huitia kwenye chai ya rangi. Hii haikai muda mrefu, mimi humwambia aimalize ndani ya wiki mbili.

Ile ya kwanza, nzito na isiyo na juisi ya matunda, inakaa kwenye friji mwezi na zaidi bila taabu. Chupa iwe ya kioo, ichemshwe dakika 10, ikauke kabisa ndani, kwa sababu matone ya maji yaliyosahaulika humo ndiko uchachu unakoanzia. Chota kwa kijiko kikavu. Umeme ukikatika haitaharibika kwa siku moja mbili, ila sisimizi wataijua kabla yako, kwa hiyo simamisha chupa kwenye sahani yenye maji. Ikiganda chini, ongeza vijiko 2 vya maji, chupa ikae ndani ya maji ya vuguvugu mpaka ilainike, sukari itayeyuka. Ukiona mapovu madogo yanapanda yenyewe au harufu ya chachu, mwaga.

Na vile viungo ulivyoviweka pembeni baada ya kuchuja mara ya kwanza, havijaona sukari bado. Vinatosha buli moja la chai ya rangi, mdalasini hata mabuli mawili.