Kabla Hujamwambia Daktari "Ling'oe": Jinsi ya Kuchagua Tiba ya Jino Lililoharibika na ya Pengo

Wahenga waliposema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo walikuwa na mafumbo yao, lakini hata ukiuchukua msemo huo kwa maana yake ya wazi utaona wanakubaliana na madaktari wa meno: hakuna jino la kutengenezwa linalofanya kazi sawasawa na lile lililoota lenyewe. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja tu, yaani kuokoa kwanza kilichobaki, na kufikiria kifaa cha bandia pale ambapo hakuna tena cha kuokoa. Wengi wetu huenda kinyume chake. Tunavumilia maumivu wiki nzima, tunameza vidonge vya kutuliza, na siku tunapoketi kwenye kiti cha daktari neno la kwanza linalotutoka ni "ling'oe tu nipumzike", ilhali pengine jino lenyewe lingeweza kutibika na kuendelea kutafuna kwa miaka mingi.

Lisikilize jino lako kwanza

Jino lina tabaka la nje liitwalo enameli, ambalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini na halina hisia. Chini yake kuna dentini, iliyo laini zaidi na yenye vijinjia vidogo sana vinavyopitisha baridi na utamu kuelekea ndani. Na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na neva. Tiba utakayopewa inategemea uharibifu umefika wapi, na namna jino linavyouma inaweza kukudokezea hilo hata kabla ya kupigwa picha. Ukinywa maji ya baridi au ukitafuna kashata, jino likashtuka kisha likatulia mara tu unapomeza, mara nyingi kiini bado ni kizima na kuziba kunatosha. Maumivu yakiendelea kwa dakika kadhaa baada ya baridi kuondoka, yakikuamsha usiku, au yakichochewa na chai ya moto, kiini kimeumia kiasi kwamba kuziba peke yake hakutasaidia.

Hali inayowadanganya watu zaidi ni ya jino lililouma siku nyingi na kunyamaza ghafla. Mwenyewe humshukuru Mungu na kughairi safari ya hospitali, kumbe neva imekufa, haikupona, na bakteria wanaendelea kushuka kwenye mzizi hadi kwenye mfupa wa taya. Mimi mwenyewe nilidanganyika hivyo baada ya kokoto iliyojificha kwenye maharage kunivunjia gego. Jino liliuma, likanyamaza, nikakaa miezi mitano nikijiona mjanja, hadi asubuhi moja nilipoamka nikiwa na shavu kama andazi. Vidonge vya kuua bakteria vilipunguza uvimbe, lakini havikuweza kulitibu jino, kwa kuwa dawa husafirishwa na damu, na ndani ya kiini kilichokufa damu haifiki.

Ukisubiri siku ya miadi, pamba iliyochovywa kwenye mafuta ya karafuu hutuliza kweli. Eujeno, kiambato kikuu cha mafuta hayo, ndiyo ambayo madaktari huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda, na ndiyo maana baadhi ya kliniki za meno hunukia kama ghala la karafuu kule Pemba. Mwambie daktari kwamba umeitumia, kwa sababu eujeno inaweza kuzuia baadhi ya dawa za kuziba zisigande vizuri. Usiweke aspirini juu ya fizi, maana huiunguza. Uvimbe ukishuka shingoni au ukipanda kuelekea jichoni, ukapata homa, au ukashindwa kumeza, kupumua vizuri au kufungua kinywa, usisubiri miadi. Nenda hospitali usiku huohuo.

Unapofika, taja dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na useme kama una kisukari, ujauzito au mzio. Daktari atagonga jino kwa mpini wa kioo chake, atapima fizi, na atapiga picha ya eksirei. Picha hiyo si anasa: shughuli yoyote ya mzizi inayoanza bila picha ni kupapasa gizani.

Kuziba

Jino lililotoboka bila kiini kuguswa huondolewa sehemu iliyooza na kuzibwa. Amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha, ni imara na huvumilia mate wakati wa kazi, lakini takriban nusu ya uzito wake ni zebaki. Ndiyo sababu nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zimekuwa zikipunguza matumizi yake, na mwaka 2022 ziliafikiana kutoitumia kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima. Kama unayo ya zamani iliyo nzima, iache. Kuichimbua bila sababu hutoa mvuke wa zebaki na kukupunguzia jino. Kompositi ina rangi ya jino na hugandishwa kwa taa ya bluu, lakini hutaka jino liwe kavu kabisa, kwa hiyo usikasirike ukijaziwa pamba kinywa kizima.

Ya tatu, glasi-ionoma, inashikana na jino lenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo, ingawa ni dhaifu zaidi kwenye sehemu zinazotafuna sana. Njia iliyoipa sifa ilianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake, wakifanya kazi Dar es Salaam, walitafuta jinsi ya kuokoa meno ya watu wa vijijini ambako hapakuwa na umeme wa kuendesha mashine, wakaanza kukwangua uozo kwa zana za mkono tu na kujaza tundu kwa sementi inayonata. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo, na leo hii inatumika katika nchi nyingi, hasa kwa watoto wanaoogopa mlio wa mashine. Ukiambiwa jino la mwanao litazibwa bila mashine, usidhani umepunjwa.

Kabla hujashuka kwenye kiti daktari atakupa karatasi nyembamba ya rangi, ya bluu au nyekundu, akuambie uume, kisha usage meno huku na huko. Alama nzito inayobaki juu ya kizibo inaonyesha mahali palipozidi kimo, napo hupunguzwa. Usione haya kusema "bado liko juu", na ganzi ikiisha ukaona jino hilo linatangulia mengine kugusana, rudi; kimo cha unywele tu kinatosha kulifanya jino liume kwa wiki kadhaa.

Kiini kikishaharibika

Hapa ndipo meno mengi hupotea bila sababu. Matibabu ya mzizi, ambayo kliniki nyingi huyaita ruti kanali, yana sifa mbaya ya maumivu, nami nakiri niliyaogopa, lakini chini ya ganzi iliyokolea utakachohisi zaidi ni uchovu wa taya. Daktari hutoboa jino kwa juu, huondoa kiini, husafisha mifereji kwa visindano vyembamba vyenye makali, huiosha kwa dawa ya kuua bakteria, huikausha kwa vijiti vya karatasi, kisha huijaza kwa gata-pacha, utomvu mgumu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja na huweza kumalizika kwa siku moja. Gego la juu mara nyingi lina mizizi mitatu, kwa hiyo jiandae kurudi mara mbili au zaidi.

Kosa kubwa hufanyika baada ya hapo. Gego lililotibiwa mzizi limeshapoteza sehemu kubwa ya mwili wake, nalo hupasuka kwa urahisi lisipovikwa kofia, yaani gamba gumu linalolifunika lote juu ya fizi. Watu hulipia mzizi, maumivu huisha, fedha ya kofia huenda kwenye ada za shule, na mwaka unaofuata jino hupasuka hadi chini ya fizi, likawa halina tena budi kung'olewa. Uliza bei ya vyote viwili siku ya kwanza, na kama una bima uliza kama inalipia kofia, kwa maana kulipiwa mzizi hakumaanishi kulipiwa kofia. Kofia huhitaji jino lichongwe pande zote kwa kiasi cha milimita moja hadi mbili, lichukuliwe umbo, na livikwe kofia ya muda wakati maabara inatengeneza ya kudumu kwa chuma, kauri au zirkonia.

Jino likishatoka

Jino la mtu mzima likidondoka kwa kuanguka au kugongwa, lishike upande wa kutafunia, lisuuze haraka kwa maziwa au maji safi bila kulisugua mzizi, ulirudishe shimoni ukiweza, au ulitumbukize kwenye maziwa na kukimbilia kwa daktari. Ndani ya nusu saa matumaini ni makubwa. Jino la utotoni halirudishwi.

Si kila pengo linalohitaji kuzibwa. La gego la mwisho unaweza kuliacha. Mengine huleta hasara polepole: meno ya jirani huegemea, la upande wa pili hurefuka likitafuta mwenzake, na mfupa hunywea, hasa katika mwaka wa kwanza. Daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na kofia za meno ya pembeni, hufaa kama meno ya pembeni tayari yana vizibo vikubwa. Kama ni mazima, fikiri mara mbili kabla ya kuruhusu yachongwe. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoshikana na mfupa, jambo ambalo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliligundua katika miaka ya 1950 na kulitumia kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Hakigusi majirani, lakini ni ghali, huchukua miezi mitatu hadi sita kabla ya kuvikwa jino, na hakiwafai vijana ambao taya zao bado zinakua. Mvutaji wa sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako katika hatari zaidi ya kukipoteza.

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo ambayo wengi wanaweza kuyamudu, nayo si ya kudharauliwa. Yatengenezewe mahali penye daktari aliyesajiliwa. Yule fundi wa mtaani anayebandika jino la plastiki kwa gundi kwenye meno ya jirani anakuandalia mapengo mengine mawili. Subiri fizi zipone, tarajia mate mengi na matamshi ya kigugumizi kwa siku kadhaa, na anza na vyakula laini ukitafuna pande zote mbili. Usiku yavue ili fizi zipumzike, uyaweke kwenye maji ya kawaida, si ya moto, kwani joto huyapinda. Asubuhi yasugue kwa brashi na sabuni, juu ya beseni lenye maji, yasije yakakuponyoka na kupasuka sakafuni.