Unataka poka ya mtandaoni ipewe sheria yake? Anzia hapa

Wajameni, kosa ambalo wengi hufanya ni kuingia kwa ofisi ya mheshimiwa na kusema tu "tunataka poka, ule mchezo wa karata wa pesa, iruhusiwe". Hapo yeye ashasikia kamari, ashamkumbuka kijana wa mtaani aliyemaliza karo kwa beti, basi mkutano umekwisha hata chai hujanywa.

Anza na swali la pesa inaenda wapi. Mimi hubeba karata kabisa, tukikaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, na kahawa chungu nawagawia wazee mbili mbili, tunachezea njiti za kiberiti, na kila mzunguko natoa njiti moja naiweka kwa sahani kando. "Hiyo ndo ya mwenye nyumba, yani anayeendesha mchezo, mzee wangu, hajali nani kashinda." Kwenye mashini za sloti mwenye nyumba ndo mpinzani wako, ukilia yeye anacheka, lakini poka wachezaji wanakulana wenyewe kwa wenyewe yeye anakata komisheni yake tu. Mzee aliyecheza wahedi wa sitini miaka arubaini hahitaji kuelezwa ati kuna karata mbaya na kuna mchezaji mbaya.

Ila usithubutu kusema poka si kamari. Kule New York jaji Jack Weinstein alikubali 2012 kwamba ujuzi ndo unatawala, 2013 mahakama ya rufaa ikampindua. Na kwa sheikh hapa usijaribu kabisa, pesa ikishawekwa mezani hutashinda. Omba kitu kidogo: leseni yake peke yake. Nevada walifanya hivyo, 2013 wakafungua poka ya mtandaoni bila kufungua sloti.

Sasa mlango. Kaunti ina kazi yake kwa kasino na kamari, lakini mambo ya mtandao ni Nairobi, so MCA (mwakilishi wako wa wadi) usimchoshe. Sheria ya kamari ya 2025 ndo imeondoa ile ya 1966, na rahisi kuingia ni kwa kanuni zake, kwa sababu sheria ya kutunga kanuni ya 2013 (Statutory Instruments Act) inalazimisha wananchi waulizwe kabla kanuni hazijapita.

Na usome miswada isiyokuhusu, tafadhali. Wachezaji wa Marekani 2006 walipigwa na kipengele cha kuzuia malipo ya kamari ya mtandaoni, kilichofichwa ndani ya sheria ya usalama wa BANDARI, yani sisi watu wa Kilindini ndo tungefaa kucheka hapo.

Kanuni zikikataa, kuna petisheni Bungeni, Kifungu cha 119 cha Katiba. Kila anayesaini aweke jina, anwani na nambari ya kitambulisho, na lazima uonyeshe ulishajaribu kwa wahusika kwanza, kwa hiyo barua ya kwanza peleka kwa mdhibiti wa kamari mwenyewe na usitoke pale bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.