Zoea Kuchekwa: Mazoezi ya Wastoa kwa Mwenye Hofu ya Watu

Nenda kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho utawaona: watu wazima wenye hoja nzito kuhusu makato ya fedha za mauzo yao, kimya mpaka mkutano unafungwa, halafu wanamwaga yote njiani wakirudi nyumbani. Mwongozo huu ni wao, na umetokana na Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma. Nautumia na vijana na kina mama hapa Mtwara. Aliyepatwa na mkasa mzito, au anayeshindwa hata kutoka ndani, aanzie kwa daktari.

Hatua ya 1: Itaje hofu kwa kitendo. "Naogopa watu" haifanyiwi kazi. "Naogopa kunyoosha mkono na kuuliza makato ya kila kilo yanakwenda wapi" inafanyiwa. Iandike kwenye daftari.

Hatua ya 2: Chora safu mbili. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa kisha akawa mwalimu wa falsafa, alisisitiza kutenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyo. Kushoto weka swali lililoandaliwa, risiti, kusimama, kusema. Kulia weka vicheko, jibu la mwenyekiti, maneno ya kijiweni. Jipe maksi kwa safu ya kushoto tu. Wengi hujipima kwa makofi, ndiyo maana wanaacha mapema.

Hatua ya 3: Panga ngazi. Pima hofu kuanzia 0 hadi 10, uanze na 3 au 4. Mfano wa ngazi ya mwanamume mmoja mwenye haya:

- Kuuliza bei ya samaki, kushukuru na kuondoka bila kununua: 3
- Kuanzisha mazungumzo na usiyemjua kwenye kivuko cha Msangamkuu: 5
- Kupita stendi na sinia la ming'oko (mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa) kichwani: 7
- Swali mkutanoni: 9

Hilo la sinia lina asili yake. Zeno, aliyeanza kufundisha Ustoa Athens mnamo mwaka 300 K.K., inasimuliwa alikuwa na haya sana. Mwalimu wake, Crates, akampa chungu cha dengu akipitishe mtaani mbele za watu. Zeno akajaribu kukificha. Crates akakipiga kwa fimbo, kikapasuka, dengu zikamchuruzika miguuni. Zeno akatimua mbio, na mwalimu akimwuliza anakimbia nini, wakati hakuna baya lolote lililompata.

Hatua ya 4: Andika utabiri kabla ya kutoka. "Watanicheka, watanipiga picha, kesho mtaa mzima utajua." Ukirudi, andika kilichotokea. Mara nyingi kinachotokea ni bibi kukusimamisha: "Mwanangu, fungu shilingi ngapi?" Na wewe hukuwaza hata bei.

Hatua ya 5: Usiondoke hofu ikiwa juu. Ukikimbia wakati huo, mwili unaamini kwamba kukimbia ndiko kumekuokoa. Kivuko kinafaa kwa sababu hiyo: mpaka ng'ambo huna pa kwenda. Usishike simu, usiende na rafiki wa kukusemea. Rudia ngazi hiyohiyo siku tofauti mpaka namba ishuke kama nusu, ndipo upande. Na tafadhali, usifanyie majaribio msibani, wala usimpotezee muda muuzaji mwenye foleni.

Hatua ya 6: Waza baya mapema, kwa kipimo. Dakika chache asubuhi: likitokea hili, nitafanya nini? Ukishapata jibu, funga daftari. Anayekesha akiwaza mabaya aruke hatua hii. Kwa hofu ya kuishiwa, Seneca, Mstoa wa Roma, alishauri kutenga siku chache za chakula duni na nguo mbovu, kisha ujiulize kama hiki ndicho ulichokuwa ukikiogopa.

Siku ya mkutano. Kaa mbele. Soma swali kwenye karatasi, hakuna ubaya: "Mwenyekiti, naomba tuelezwe makato haya, moja moja." Kisha kaa, kalamu mkononi, uandike jibu. Nyoosha mkono taarifa ya mapato ikiisha tu kusomwa. Ukisubiri "mengineyo", watu watakuwa na njaa na swali lako litaahirishwa.