Somo: Kuzoesha mashine mpya ya boti, saa kumi za mwanzo

Wakuu, salaam. Mashine nyingi zinazofanya kazi bwawa la Nyumba ya Mungu hupita kwanza hapa Moshi mjini, zinapakiwa kwenye pikapu, na jioni yake ziko majini. Kuna anayeitwanga resi zote siku hiyo hiyo ili majirani waone. Kuna mwingine, kwa woga, anaitembeza kama anasindikiza bibi harusi wiki nzima. Wote wawili wanaiumiza.

Ukuta wa silinda mpya umeachwa na mikwaruzo myembamba ya makusudi. Ringi za pistoni zinasagana nayo kidogo kidogo mpaka zikae sawasawa. Kinachozisukuma ringi zibane ukutani ni nguvu ya mlipuko unaotokea juu ya pistoni, na nguvu hiyo haipatikani bila mzigo. Ukienda taratibu muda wote, ukuta unang'aa, ringi hazikai, na mashine inabaki dhaifu. Ukiipiga resi mapema, joto linapanda, pistoni inatanuka na kukwaruza silinda. Kwa hiyo shabaha ni mzigo wa wastani na resi zinazobadilika. Hapa nazungumzia zaidi mashine za stroku mbili, kama hizi za hospawa 15 za kuchanganya mafuta. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Hatua ya 1: Kufunga. Pima ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma ya boti unaobeba mashine, kabla ya kununua. Shafti fupi ni ya ubao wa inchi 15, ndefu ni ya inchi 20. Ile sahani bapa iliyo juu ya propela ikae usawa wa sakafu ya boti au ishuke kama inchi moja chini yake. Ikikaa juu, propela inakula hewa na resi zinaruka zenyewe. Mbao hubonyea, kwa hiyo kaza vibanio tena baada ya saa la kwanza. Na funga kamba ya usalama. Bwawa halirudishi mashine.

Hatua ya 2: Mafuta. Kipindi cha kuzoesha, mashine nyingi za aina hii zinataka sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli: dumu la lita 20 linakula mililita 800. Baadaye ni 1 kwa 50, yaani mililita 400. Tumia kikombe chenye mistari, usikadirie kwa kifuniko. Weka petroli nusu, mimina oili, tikisa vizuri, kisha malizia petroli.

Hatua ya 3: Majini. Dakika 10 za kwanza, resi za chini kabisa. Angalia mashine inakojoa: ule mshale wa maji utoke bila kukatika. Ukikatika, zima hapo hapo, nyanyua, toa magugu au nailoni kwenye matundu ya kunyonyea maji. Usijidanganye eti utafika kwanza mwaloni.

Dakika 50 zinazofuata, ingiza gia na usivuke nusu ya mkono wa resi. Panda, shuka, panda tena. Usikae kwenye sauti moja.

Saa la pili, ongeza moto hadi omo (pua ya boti) inyanyuke na boti ikae juu ya maji, halafu rudisha kwenye robo tatu. Boti nzito ya mbao isiyonyanyuka ishie robo tatu tu. Watu wawili wanatosha. Nyavu zote na barafu viache nchi kavu.

Saa la tatu hadi la kumi, fanya kazi zako, ila resi zote zisizidi dakika 5 kwa mkupuo. Baada ya hapo ipe nafasi ipoe kwa mwendo mdogo.

Hatua ya 4: Baada ya saa kumi. Mwaga oili ya gia, weka mpya. Itazame kwenye kiganja, juani. Vumbi laini la chuma ni kawaida, vipande si kawaida. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili ina kasoro: mrudishie muuzaji.

Maswali ya wanakikundi

*Fundi, niko Pasua, bwawa ni mbali. Siwezi kumalizia hizo saa kumi kwenye pipa nyumbani?*
Hapana, kaka. Ndani ya pipa hakuna mzigo, maji yanapata joto upesi, na mapovu yanaingia kwenye pampu. Pipa ni la dakika chache za kuhakikisha inawaka na inakojoa. Maji yafunike ile sahani bapa.

*Oili ya bodaboda imekaa tu ndani, naweza kuchanganyia?*
Usithubutu. Bodaboda zetu karibu zote ni za stroku nne, oili yake haikutengenezwa iungue pamoja na petroli. Tafuta kopo lililoandikwa TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti za stroku mbili.

*Shemeji yangu Tanga ana mashine kama yangu na inafika resi zote. Yangu huku haifiki, na nimeshamaliza kuzoesha. Nimeuziwa mbovu?*
Pengine si mbovu. Nyumba ya Mungu iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwanza pima boti ikiwa na mzigo wako wa kila siku. Bado haifiki? Badilisha propela, chukua yenye pichi ndogo zaidi, yaani inayosukuma umbali mfupi zaidi kwa kila mzunguko. Na plagi zikiwa nyeusi tititi, fundi aangalie kabureta.

*Yangu ni ya stroku nne.*
Basi usichanganye chochote kwenye petroli. Resi zipandishe kwa hatua kama nilivyoeleza. Oili ya injini kwa kawaida hubadilishwa mara ya kwanza kwenye saa 20, pamoja na chujio kama lipo. Na pima kijiti kila asubuhi, mashine ikiwa wima.