Kukuza Maandishi Madogo ya Menyu kwenye Eneokazi la Linux

Maandishi ya menyu yanapokuwa madogo kiasi cha kumlazimu mtu kuinamia skrini, wengi hukimbilia kupunguza idadi ya pikseli, tuseme kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1366 kwa 768. Njia hiyo haifai. Pikseli za skrini bapa zimepachikwa kiwandani na idadi yake haibadiliki. Ukiiagiza skrini ionyeshe picha yenye pikseli chache kuliko zilizomo, kila nukta ya picha hutandazwa juu ya pikseli moja na kipande, na herufi hutoka zikiwa na ukungu kwenye kingo. Maandishi yataongezeka ukubwa, lakini macho yatachoka kuliko mwanzo. Idadi ya pikseli na ibaki ilivyo. Kinachopaswa kubadilishwa ni ukubwa wa herufi zenyewe.

Chanzo cha tatizo

Ukubwa wa fonti hupimwa kwa pointi, na pointi 72 hufanya inchi moja. Ili pointi zigeuzwe kuwa pikseli, mfumo unahitaji kujua inchi moja ya skrini ina pikseli ngapi, kipimo kinachojulikana kwa kifupi cha DPI. Kwa desturi ya miaka mingi, maeneokazi mengi ya Linux (mazingira ya madirisha na menyu, kama Xfce na GNOME) huchukulia kwamba jibu ni 96 bila kuipima skrini iliyopo. Kwa kioo cha mezani cha inchi 24 chenye pikseli 1920 kwa 1080 dhana hiyo haina madhara, kwa kuwa kioo hicho kina pikseli kama 92 kwa inchi. Laptopu ya inchi 14 yenye idadi hiyohiyo ya pikseli inazo kama 157. Fonti ya menyu ya pointi 10, ambayo kwenye karatasi ingechukua kimo cha milimita tatu na nusu hivi, huchorwa kwa pikseli 13, na kwenye laptopu hiyo pikseli 13 ni milimita mbili na ushei tu.

Ndiyo sababu malalamiko haya husikika sana kwa wanaonunua laptopu za ofisini zilizokwishatumika, zile za inchi 12.5 hadi 14, na kuzifufua kwa Linux: mashine ni nzima, kioo ni kizuri, ila menyu haisomeki.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua programu tatu au nne za aina tofauti, kwa mfano kidhibiti faili, kivinjari, VLC na LibreOffice, kisha uzilinganishe. Ikiwa menyu za zote ni ndogo, kosa liko kwenye eneokazi na litarekebishwa mahali pamoja. Ikiwa ni programu moja tu, kubadilisha eneokazi zima kwa ajili yake kutakuharibia zile zilizokuwa sawa. Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa kuona kidhibiti faili chenye herufi kama za bango huku menyu ya programu iliyowasumbua ikiwa palepale.

Kupima skrini

Katika terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika:

xrandr | grep " connected"

Mwishoni mwa mstari utakaotokea kuna vipimo vya skrini kwa milimita, kwa mfano 309mm x 174mm. Gawanya upana kwa 25.4 upate inchi, kisha gawanya idadi ya pikseli za upana kwa jibu hilo. Kwa mfano huu, 309 ni inchi 12.17, na 1920 ikigawanywa kwa 12.17 ni takriban 158. Baadhi ya televisheni na vioo vya nje hutoa vipimo vya uongo, kama vile milimita 160 kwa 90, ambavyo ni uwiano wa pande tu, kwa hiyo jibu likionekana la ajabu chukua rula upime mwenyewe. Kama amri “echo $XDG_SESSION_TYPE” inakujibu “wayland”, yaani mfumo mpya wa kuonyesha madirisha unaochukua nafasi ya ule wa zamani uitwao X11, rula pia ndiyo ya kuaminika, kwa sababu katika hali hiyo xrandr huona skrini kupitia mpatanishi.

Hulazimiki kuingiza 158 kwa sababu tu ndiyo namba halisi. Laptopu hukaa karibu na uso kuliko kioo cha mezani, na ukiweka namba kamili madirisha mengi yatakuwa mapana kupita skrini. Kwa inchi 14 ninapendekeza kuanzia 120, ambayo inaipandisha fonti ya pointi 10 hadi pikseli 17 hivi. Ikiwa bado haitoshi, nenda 132, na mwenye macho dhaifu afike 144.

Kurekebisha katika Xfce

Ninaanza na Xfce kwa sababu ndilo eneokazi linalowekwa mara nyingi kwenye mashine za umri huu. Fungua “Settings”, kisha “Appearance”, na uchague kichupo cha “Fonts”. Chini utaona kisanduku cha “Custom DPI setting”; kitie alama, andika 120, na menyu za programu nyingi zitabadilika papo hapo bila kuwasha upya kompyuta. Anayependelea terminali ataandika:

xfconf-query -c xsettings -p /Xft/DPI -s 120

Amri ikijibu kwamba kipengele hicho hakipo, ongeza “-n -t int” kabla ya “-s”. Ukitaka kurudi ulikotoka, weka 96.

Katika dirisha hilohilo la “Appearance”, matoleo mengi ya Xfce yana chaguo jingine liitwalo “Window Scaling”, lenye 1x na 2x. Hilo si mbadala wa DPI. Hukuza kila kitu mara mbili kamili, herufi, vitufe na nafasi zilizo kati yake, na lilikusudiwa skrini zenye pikseli zaidi ya 200 kwa inchi. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 litakuachia eneo la kazi linalolingana na pikseli 960 kwa 540, ambamo madirisha mengine ya mipangilio hayaenei na kitufe cha “OK” huishia chini ya ukingo, pasipofikika kwa kipanya. Likikukuta hilo, shikilia Alt na uliburute dirisha kwenda juu hadi kitufe kionekane.

DPI hukuza maandishi, haikuzi aikoni wala vitufe vya kufungia dirisha. Vitufe hivyo hurekebishwa katika “Window Manager”, kichupo cha “Style”, kwa kuchagua mtindo wa “Default-hdpi” badala ya “Default”. Kimo cha paneli kiko kwenye “Panel Preferences”, kwenye “Row size”.

Maeneokazi mengine

Katika GNOME, njia ya haraka ni kuwasha “Large Text” katika sehemu ya “Accessibility” ya mipangilio, ambayo hukuza maandishi kwa robo. Kwa kipimo cha kati, andika amri hii na ubadilishe namba upendavyo:

gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.15

Cinnamon, eneokazi kuu la Linux Mint, lina “Text scaling factor” ndani ya “Font Selection”, nayo hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo. KDE Plasma ndiyo inayompa mtumiaji uhuru mkubwa zaidi: ukurasa wake wa “Fonts” una fonti ya “Menu” peke yake, mbali na ile ya jumla, ya vichwa vya madirisha na ya maandishi madogo, hivyo anayeridhika na mengine yote anaweza kuongeza pointi mbili kwenye menyu tu.

Wanaotumia i3 au Openbox, ambavyo ni visimamizi vya madirisha tu, bila eneokazi kamili hawana ukurasa wa kubofya, kwa hiyo thamani huandikwa kwenye faili. Ndani ya ~/.Xresources weka mstari “Xft.dpi: 120”, kisha endesha “xrdb -merge ~/.Xresources” na ufungue upya programu. Kwa fonti yenyewe, faili ni ~/.config/gtk-3.0/settings.ini kwa programu za GTK 3 (GTK ni maktaba ambayo programu nyingi huitumia kuchora menyu na vitufe), ambamo chini ya [Settings] huandikwa “gtk-font-name=Sans 12”, na ~/.gtkrc-2.0 kwa zile za zamani za GTK 2, ambako jina la fonti hufungwa ndani ya alama za nukuu.

Programu zisizotii

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu menyu za Linux hazichorwi na mkono mmoja. Kuna zinazochorwa na GTK, kuna za Qt, maktaba nyingine ya aina hiyo, kuna za Java, na vivinjari vina utaratibu wao, na kila kundi lina mahali pake pa kuulizia ukubwa.

VLC ni ya Qt. Ikiwa menyu zake zimebaki ndogo, ijaribu kwanza kutoka terminali:

QT_FONT_DPI=120 vlc

Ikikaa vizuri, ongeza mstari “export QT_FONT_DPI=120” kwenye ~/.profile, toka na uingie tena kwenye akaunti yako. Kipo pia kigezo cha QT_SCALE_FACTOR, ambacho hukuza vitufe pamoja na herufi, lakini ujue kwamba huzidisha juu ya DPI iliyokwisha kuwekwa: 1.25 juu ya 120 ni sawa na 150, na hapo ndipo watu huona menyu zilizovimba ghafla wasijue zimetoka wapi.

Programu za Java huanzishwa hivi:

java -Dsun.java2d.uiScale=2 -jar programu.jar

Kwenye Linux, Java ya kawaida hukubali namba nzima tu katika kigezo hicho, 1.5 huhesabiwa kuwa 1, na utadhani amri haifanyi kazi.

Katika Firefox, fungua about:config, tafuta layout.css.devPixelsPerPx, na ubadilishe -1.0 iwe 1.25. Menyu, vichupo na kurasa vyote vitakua pamoja. Panda polepole, kwa sababu ukiweka 10 kwa kusahau nukta, dirisha litajaa herufi chache kubwa na hutaona tena pa kurekebishia. Itabidi ufunge kivinjari na kuufuta mstari huo ndani ya faili la prefs.js lililo katika folda ya wasifu wako. Thunderbird hutii kigezo hichohicho. Katika VS Code inatosha kubonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha.

LibreOffice hufuata eneokazi kwa uaminifu zaidi kwenye Debian na Ubuntu kifurushi cha libreoffice-gtk3 kinapokuwa kimewekwa. Kwa programu za Windows zinazoendeshwa kupitia Wine, kama zile za hesabu za duka ambazo hazina toleo la Linux, endesha “winecfg”, nenda “Graphics”, na usogeze kipimo cha chini kutoka 96 hadi 120.

Kuongeza kioo cha nje

Tatizo la mwisho hujitokeza laptopu inapounganishwa na kioo kikubwa au projekta. Katika X11, ambayo Xfce ingali inaitumia kwa sehemu kubwa, DPI ni moja kwa skrini zote, kwa hiyo 120 inayokufaa kwenye inchi 14 itakuwa kubwa mno kwenye inchi 24. GNOME na Plasma zikiwa juu ya Wayland huruhusu kila skrini iwe na kipimo chake, na kwa mtu anayehama kati ya skrini mbili kila siku, hiyo ni sababu tosha ya kuhamia huko. Anayebaki Xfce afungue “Keyboard”, kichupo cha “Application Shortcuts”, na atengeneze njia za mkato mbili, moja ya amri ya xfconf-query yenye 120 na nyingine yenye 96. Programu za GTK zitabadilika papo hapo, na za Qt zikishafungwa na kufunguliwa upya, isipokuwa kwa aliyeweka QT_FONT_DPI kwenye ~/.profile, kwani kigezo hicho huishinda DPI ya eneokazi.