Sproketi za kwadi kwa mchanga wa huku kwetu, usifunge kwa kuigiza ya mwenzio

Wadau wa Mtwara na Lindi, leo naomba tuongee sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma kwenye tairi, mana nimechoka kuona watu wanaunguza klachi pleti njia ya Msimbati afu wanaambiwa injini yako mbovu kafanye ovaholi, wakati injini haina kosa lolote, ni meno tu yalipangwa kwa ajili ya lami na wao wanayapeleka mchangani.

Kwanza angalia kama chombo chako kinazo. Kwadi, yaani pikipiki za magurudumu manne, nyingi kubwa za kazi, zile za kubebea mizigo, ndani zina mkanda na nguvu inafika kwenye ekseli kwa shafti, hamna cheni, hizo leo hazituhusu. Naongelea kwadi yenye cheni nyuma na gia za kukanyaga kwa mguu. Bodaboda nazo zimo, hesabu ni ileile.

Sasa mchanga unafanya nini. Tairi likizama kidogo linasukuma kichuguu mbele yake, yaani muda wote ni kama unapanda kilima ambacho hakiishi. Kwenye lami ukiachia resi chombo kinaendelea kwenda chenyewe, mchangani ukiachia ni kama mtu kakikamata kwa nyuma. Kwa hiyo ile sekunde moja unayobadilisha gia mwendo ushakufa, gia inayofuata inaikuta injini imelala, inaanza kukohoa, wewe unavuta klachi nusu na kujaza resi ili uiokoe, na hapo hapo ndo pleti zinapoungua. Ukimwaga oili ukaona nyeusi na inanuka kuungua wakati hata muda wake wa kubadilishwa haujafika, jua umekuwa ukiendesha kwa klachi na sio kwa gia. Tunachotafuta kwenye sproketi ni kwamba kwa ule mwendo ambao mchanga unakuruhusu, injini iwe katikati ya nguvu zake bila mkono wako kushika klachi, basi.

Hesabu yake ni rahisi sana, gawa meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Yangu ilikuja na 14 mbele na 36 nyuma, inatoka 2.57. Namba ikipanda unapata nguvu unapoteza mbio, ikishuka unapata mbio unapoteza nguvu. Nikitoa jino moja tu mbele nikafunga 13 inakuwa 2.77, hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 8 ya nguvu kwenye tairi, na mbio za mwisho zinashuka kwa kiasi kama hicho hicho. Nikitaka kupata hiyo hiyo kwa kuongeza nyuma inabidi nifike meno 39, mana 39 kwa 14 ni 2.79. Kwa hiyo shika hili, jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma.

Na ndo mana kuigiza sproketi za mtu mwingine hakufai. Yamaha Raptor 700 inatoka kiwandani na 14 kwa 38, yaani 2.71, Banshee ya Yamaha hao hao ilikuwa 14 kwa 41, yaani 2.93. Raptor ni silinda moja kubwa, inavuta tangu chini, Banshee ni tu stroki ya silinda mbili ndogo ambayo nguvu zake zinaanza ikiwa imeshalia juu, mpaka uifikishe huko ndo inaamka. Sasa mwenye Banshee akikwambia yeye kaongeza meno nyuma na wewe wa silinda moja kubwa ukafunga vilevile utajikuta unabadilisha gia kila baada ya mita chache.

Tairi nalo ni gia, watu wanasahau kabisa. Ukitoka tairi ya inchi 20 ukaweka ya inchi 22 umeongeza asilimia 10, ni kama umeongeza zaidi ya jino zima mbele, chombo kinakuwa kizito hapo hapo na utalaumu kabureta bure. Zile tairi za makasia za mchangani, zenye mabamba kama kasia ya mtumbwi, nazo zinashika mpaka injini haipati upenyo wa kuteleza, mzigo wote unarudi kwenye klachi, kwa hiyo ukizifunga tegemea kushusha jino moja mbele au kuongeza mawili nyuma.

Ila kabla hujanunua chochote shusha upepo kwanza. Kwadi mchangani psi (kipimo cha upepo) 4 mpaka 5 inatosha, na tumia geji ya kusoma namba ndogo, ile ya gereji ya magari haioni chini huko. Bodaboda usishuke hivyo, mimi naishia 20 nikiwa mwenyewe bila mzigo, ukishusha sana tairi linazunguka juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu, na huko mikorosho hamna wa kukuzibia. Nimeona watu wawili waliokuja kuulizia sproketi, tukatoa upepo, wakaondoka na sproketi zao zile zile.

Haya, upepo umeshusha na bado inakufa. Nenda kwenye mchanga wako wewe, ule unaopita kila siku, chagua kipande cha hatua kama 100 kilicho kikavu na laini. Kama ni ufukweni angalia maji, mana yakipwa ule mchanga wa chini unakuwa mgumu kama barabara utadhani uko sawa, jaribu kule juu kwenye mkavu ila usiguse majani na vichaka vya ufukweni, kasa wanataga kule, na Msimbati yote ipo ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay kwa hiyo ulizia kibali na njia ya kupita kwanza. Beba mzigo ule ule unaobeba siku zote. Anza na gia ya pili, sio ya kwanza, ya kwanza inachimba. Pita mara tatu na usikilize.

Kama ya pili inalia mpaka mwisho afu ukiweka ya tatu inakufa, umekaa katikati ya gia mbili na mchanga wako upo kwenye lile pengo, toa jino moja mbele. Kama ya tatu inashika ila polepole na inachemka, jaribu kuongeza meno mawili nyuma kwanza. Kama ya pili inachimba shimo kila ukigusa resi na ya tatu unaimaliza haraka, wewe una nguvu kupita kiasi, ongeza jino moja mbele. Wala sio lazima uelewe mambo ya injini, we angalia ni gia gani unaishi nayo, na ikiwa unaishi kwenye gia moja mwanzo mpaka mwisho wa kile kipande bila kugusa klachi, acha kama ilivyo.

Mimi nilikuwa kwenye lile pengo kabisa. Nikaona kwanini nitoe jino moja nikatoa mawili, nikafunga 12, ikawa 3.00 kamili. Mchanga laini nilipita vizuri kweli, ila nikishuka kwenye mgumu injini inalia gia ya tano kwa mwendo wa baiskeli, joto likapanda, na baada ya wiki kama tatu nikasikia mlio wa krr krr kwa chini. Kuinama naona cheni imekula ile raba ya juu ya mkono wa nyuma, ule wa chuma unaoshika ekseli, mpaka imechora mfereji, unaweza kulaza kidole kidogo ndani, mana sproketi ikiwa ndogo cheni inapita chini zaidi na inakunjika sana. Fundi wangu wa Chikongola akaniambia, "Kaka, hii ungeingoja wiki moja tena ingeanza kula chuma." Tukarudi 13 na nikaelewa kwamba chini ya 13 usiende hivi hivi, labda kitabu cha chombo kinaruhusu.

Sasa mbele au nyuma? Mbele ni rahisi na bei ndogo, kwa majaribio anza huko. Nyuma ni ghali zaidi ila cheni inaishi muda mrefu, lakini kwenye kwadi sproketi kubwa ya nyuma inaning'inia karibu na ardhi, kwenye mifereji ya matairi inakuwa inakwangua mchanga na kuuingiza kwenye cheni, kwa hiyo kwadi usiongeze nyuma ovyo. Bodaboda halina shida hiyo, tairi kubwa, sproketi ipo juu, angalia tu isiguse kava ya cheni.

Dukani usiseme tu nipe ya meno 13. Cheni ya 428 na ya 520 haziingiliani, 428 pini hadi pini ni milimita 12.7, 520 ni 15.875, namba imeandikwa pembeni mwa cheni, futa uchafu utaiona. Nenda na sproketi ya zamani mkononi ulinganishe na meno ya ndani yanayoingia kwenye shafti. Nati ya mbele ilegeze cheni ikiwa bado ipo, mwenzio akakanyaga breki ya nyuma, ukishatoa cheni utahangaika. Ukitoa jino mbele cheni inalegea, utavuta ekseli nyuma kama milimita 3 kwa 428 au 4 kwa 520. Acha icheze sentimita 3 mpaka 4 mtu akiwa amekaa juu, na mchangani bora ielekee kulegea kuliko kukaza, mchanga ukijaa kwenye meno cheni inajikaza yenyewe. Na kama cheni imechoka nunua seti nzima, cheni kuukuu inakula sproketi mpya.

Jambo linaloniuma ni ile tabia ya kumwagia cheni oili chafu. Kwa lami sawa, mchangani oili na mchanga vinakuwa msasa, shika cheni ya hivyo usugue kwa vidole viwili utasikia. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, futa ikauke, paka kidogo ile oili ya cheni inayokauka, futa inayozidi.

Kwa wenzangu wa bodaboda wanaopanda Nanyamba na Tandahimba msimu wa korosho, kuanzia Oktoba na gunia nyuma kwenye ule mchanga mwekundu, jino moja mbele linatosha, halafu ile ya zamani ifunge kwenye kitambaa uitunze, magunia yakiisha na umerudi kwenye lami ya mjini uirudishe, la sivyo mafuta utayaona yanaisha haraka mana injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule.

Yangu mpaka leo ni 13 kwa 36, cheni 520, psi 5 nyuma, na kile kipande kilichokuwa kinanisimamisha nakipita na gia ya tatu, mkono wa kushoto hata haugusi klachi.