Kugandisha mifupa ya mbuzi kabla ya kupima pleti na skrubu

Ukipima pleti (bamba linalofungwa kwa skrubu ili kuunganisha mfupa uliovunjika) kwenye mfupa uliohifadhiwa vibaya, majibu utakayopata yatahusu friza yako kuliko pleti. Hapa Arusha mifupa tunaichukua machinjioni alfajiri, na zamu ya mashine ya kupimia huja siku nyingine, kwa hiyo kugandisha hakukwepeki. Mfupa ukigandishwa vizuri kwa nyuzi -20, uimara wake hubadilika kidogo sana. Seli hufa, ndiyo, ila kinachobeba mzigo ni madini na kolajeni, yaani nyuzi za protini zilizo ndani ya mfupa. Adui mkubwa ni kukauka.

Hatua ya 1: Kuchukua. Chukua miguu yote miwili ya nyuma ya mbuzi mmoja: mmoja wa kuwekea pleti, wa pili wa kulinganishia. Andika umri, jinsi, uzito na upande. Nyama usiimalize kuivua, inasaidia kutunza unyevu. Vaa glavu, na wakati wa kukata au kutoboa vaa miwani na barakoa, maana baridi ya friza haiui bakteria wa brusela, wanaoambukiza watu kutoka kwa mifugo.

Hatua ya 2: Kufunga. Zungushia gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iliyolowa maji ya dripu ya chumvi (asilimia 0.9), tia kwenye mfuko, kamua hewa yote, kisha mfuko wa pili. Lebo ikae katikati ya mifuko hiyo miwili. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, usiitumie kabisa: hukaza kolajeni, na mfupa huvunjika ghafla bila kupinda.

Hatua ya 3: Kugandisha. Gandisha siku hiyohiyo. Epuka friza inayojiyeyusha barafu yenyewe, kwa sababu joto lake hupanda na kushuka kila mara. Kwa kuhifadhi muda mrefu, nyuzi -80 ni bora.

Umeme nao ukikatika usiku utajuaje? Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo ndani. Ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na huenda mifupa nayo iliyeyuka. Iandike kwenye daftari kama mzunguko mmoja wa kuyeyuka. Mizunguko ikizidi, huwezi tena kuilinganisha na mifupa iliyoganda mara moja.

Hatua ya 4: Kuyeyusha. Ihamishie kwenye jokofu la nyuzi 4 usiku kucha, ikiwa bado mifukoni, halafu iache ifikie joto la chumba. Usitumie jua wala maji ya moto.

Hatua ya 5: Kupima. Sasa vua nyama, toboa, funga skrubu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu watu husahau maji wakishashika drili. Utazame mfupa wenyewe: ukiwa na unyevu unang'aa; ukianza kufifia na kuwa mweupe kama chaki, umeshaanza kukauka. Mfupa mkavu huwa mgumu zaidi lakini hukatika upesi, na pleti yako itaonekana tofauti na ilivyo. Nyunyizia maji ya chumvi kila dakika chache, na ukisubiri mashine, urudishe kwenye gozi. Miguu yote miwili ipite njia ileile, friza ileile na saa zilezile za kuyeyuka.

Ukimaliza, mabaki yachomwe kwenye tanuri la taka za kitabibu. Mbwa wasiyapate.